Skuta Iliyokatwa Sauti

Jumatatu, 4 Machi
Nimeanza kuandika kwa sababu nimechoka kusema peke yangu njiani kama kichaa. Karakana yetu imehama. Kuanzia leo meno bandia ya mji huu yanatengenezwa ng'ambo ya kilima, jirani na hospitali mpya, na mimi ninayeyatengeneza nimebaki upande huu. Bosi ametutangazia habari hiyo kama mtu anayegawa pipi. Basi linaishia sokoni. Kutoka hapo ni miguu yako na Mola wako. Nimefika nimechelewa, vumbi mpaka magotini, na meno ya juu ya bibi mmoja yamevunjikia mkobani nilipojikwaa. Bosi amesema mara moja tu, kwa sauti ya chini, kwamba anayechelewa atatafutiwa mbadala. Nayajua maneno ya sauti ya chini.

Nimemsimulia baba. Amecheka mpaka akakohoa, akauliza kama bibi huyo atakunywa uji mpaka mvua ziishe.

Jumatano, 6 Machi
Mawingu. Mvua hainyeshi, inatuangalia tu.

Jumamosi, 9 Machi
Nimenunua skuta ya umeme. Nimeshanunua, basi, asinisemeshe mtu.

Fundi Waya, yule anayetengeneza redio na pasi karibu na stendi, ameleta skuta kadhaa na anaziuza kwa bei ya kutupa. Bei yenyewe ndiyo iliyonitia wasiwasi, maana rahisi ni ghali. Yangu ni nyekundu, ina kiti, kikapu cha mbele, na pedali mbili ambazo ukizikanyaga hazikupeleki popote. Nikamuuliza pedali za nini sasa. Akasema, "Hizo ni za serikali, dada. Ina pedali, basi ni baiskeli. Baiskeli haidaiwi leseni." Nikamuuliza nani kasema. Akanijibu kila mtu anasema.

Baba ameikagua kwa vidole kuanzia taa ya mbele mpaka mkia, polepole, kama anavyokagua kufuli. Baba ni fundi kufuli. Presha ya macho ilimnyang'anya mwanga, haikumnyang'anya kazi. Hadi leo watu wanamletea kufuli zilizogoma, naye hutega sikio, huchokonoa kidogo, zikafunguka. Mimi nilirudi kwake ndoa iliponishinda, watu wakasema nimekuja kumtunza. Uongo mtupu. Yeye ndiye anayenifungulia mlango jioni na kuniwekea chai.

Kila asubuhi anavuka barabara iliyo mbele yetu kwenda kukaa kwa Kinyozi, rafiki yake wa siku zote, ndiko anakofanyia kazi zake. Anavuka peke yake, kwa masikio. Anasimama ukingoni, anainamisha kichwa huku, anainamisha kule, anasikiliza injini na matairi, halafu anakwenda. Ukimshika mkono anakuuliza wewe nani na umepotelea wapi. Mdogo wangu wa kike, mwalimu huko mji mwingine, anataka akaishi kwake, kwenye nyumba yenye ukuta na geti. Baba husema siku atakapovushwa barabara, ndiyo siku wamzike. Katika hili mimi niko upande wa baba. Nimeapa: maadamu niko hapa, hakuna atakayemfungia ndani.

Jumanne, 12 Machi
Inalia! Na yule Fundi Waya hakusema. Chini ya kiti kuna kidude, skuta ikianza tu kutembea kinapiga piu, piu, piu, kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Wauza mboga walikuwa wameshanipa jina kabla sijafika kona. Mama Kifaranga. Mtu mzima mimi, naheshimika, nimebeba meno ya watu kwenye kikapu, halafu piu piu.

Lakini nimefika kazini kabla ya bosi. Na jioni nilipokunja kona ya mwisho, baba alikuwa ameshafungua kitasa na amesimama mlangoni, chai mezani. Amenisikia tangu juu kilimani. "Kifaranga amerudi," akasema, na uso wake wote unacheka. Nimekasirika na kufurahi kwa pamoja, sijui lipi lilitangulia.

Ijumaa, 15 Machi
Trafiki wa njia panda amenisimamisha. Ni mtu mzima mwenye tumbo, si mkali wala si mpole. Ameizunguka skuta, akainama, akasukuma pedali kwa kidole, ikazunguka bure. Akauliza hiki ni nini. Nikasema baiskeli. Akauliza mbona inalia. Nikasema ndivyo ilivyozaliwa, afande.

Hakucheka. Amenieleza taratibu kwamba kama ni pikipiki, inataka namba na bima, na mimi nataka leseni. Na nikimgonga mtu bila hivyo vitu, ni jela, si mazungumzo. Kama ni baiskeli, niende salama. Yeye hajui ni ipi kati ya hizo. Mkubwa wake naye hajui. Lakini siku wakijua, amesema, watajua ghafla. Nikaulize ofisini.

Jumatano, 20 Machi
Nimekwenda kuuliza. Dirisha la kwanza, bwana mwenye miwani kasema chenye mota ni chombo cha moto, nikasajili. Dirisha la pili wakasema hakisajiliki, maana hakina namba ya injini, kwa kuwa hakina injini. Nikarudi kwa bwana wa miwani. Akasema basi kama hakisajiliki, kisitembee. Nikamwambia nimekuja nacho, kipo hapo nje. Je, nimevunja sheria? Akachungulia, akakitazama kabisa, kisha akarudi kwenye karatasi zake. "Mimi sijaona kitu," akasema.

Mlinzi wa getini ndiye pekee aliyenipa jibu la maana: nipande niondoke kabla mvua haijashuka. Imenikuta kilimani. Hiyo ndiyo mvua ya kwanza ya kweli mwaka huu.

Jumamosi, 23 Machi
Mvua. Meno ya mwalimu mmoja mstaafu yamekubali kukaa. Ameng'ata karoti mbele yetu, karakana nzima tukampigia makofi.

Jumapili, 24 Machi
Mdogo wangu amepiga simu. Baada ya salamu, ni yale yale. Mvua zimeanza, baba anavukaje? Nikamwambia kwa masikio, kama siku zote. Akaniuliza, na mvua ikipiga bati, dada, anasikia nini? Nikamwambia asinifundishe baba yangu, kana kwamba si baba yake pia.

Nilipokata simu nimetoka nikasimama barazani, nikafumba macho. Nilitaka kusikia barabara. Sikusikia ila mvua.

Alhamisi, 28 Machi
Trafiki amenipungia mkono nisogee pembeni. Amesema mwezi ujao kuna msako. Skuta zote zenye utata zitazolewa na kutupwa uani kituoni mpaka sheria ieleweke, na betri zitakufa kwa mvua kabla sheria haijaeleweka. Nikamwambia wazi kwamba bila skuta sina kazi, na bila kazi sijui mimi na baba tutakula nini. Akaangalia huku na huku.

"Dada, tatizo lako ni hiyo sauti," akasema. "Ukipita unatutangazia. Mimi siwezi kusimamisha kitu nisichokisikia."

Kisha akapuliza filimbi na kunigeuzia mgongo. Nimewaza njia nzima. Ni ushauri mzuri, na ameutoa bila kuomba hata soda. Ndiyo maana nauogopa.

Jumamosi, 30 Machi
Fundi Waya amekata. Ni waya mmoja tu wa bluu, na koleo. Hakuuliza hata sababu. Amesema wengi wanamletea kazi hiyo, zote zitakatwa wiki hii.

Nikiificha raha niliyoipata nitakuwa mnafiki. Nimetoka pale kama naelea. Hakuna mtoto aliyenikimbiza. Wauza mboga hawakuinua shingo, na mimi nimewapita karibu kabisa, nikasikia jinsi wanavyosengenyana.

Nyumbani nimekuta mlango umefungwa. Nikabisha. Baba amekuja akipapasa ukuta, akauliza, "Nani?" Tangu nizaliwe hajawahi kuniuliza nani. Nilipoingia nikamweleza habari za msako na ushauri wa trafiki. Amenisikiliza mpaka mwisho. "Umekuja kama mwizi, mwanangu," akasema. Nikacheka, nikadhani anatania.

Jumanne, 2 Aprili
Njia panda, trafiki alikuwa anatazama mawingu. Nimepita.

Jioni baba alikuwa na birika mkononi nilipoingia, akashtuka, maji ya moto yakamwagika mguuni. Si sana. Amesema si kitu, nimletee chumvi. Nimemwomba radhi, naye akanitania kwamba mwanamke asiyesikika ni wa kuogopwa kuliko anayepiga kelele.

Ijumaa, 5 Aprili
Nusura. Mama muuza mayai alikuwa anarudi nyuma kutoka kibandani kwake, trei mkononi, mimi nikawa nimeshafika. Nilipiga honi, haikutoa neno, maji yameingia. Nikakwepa mpaka kwenye mtaro. Mayai yamepona, yeye amepona, mimi nimepasuka kiwiko. Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Ameniambia ningemuua na asingejua hata ni nini kilichomuua.

Nimekwenda moja kwa moja kwa Fundi Waya. Honi mpya zinakuja na mzigo ujao. Breki nazo, amesema, zikilowa ziache zifikiri kidogo, zitashika. Kweli zinashika, lakini baada ya kufikiri.

Jumanne, 9 Aprili
Mvua tangu alfajiri. Baba hakuvuka. Amesema hana kazi leo. Kufuli za watu zimejaa kwa Kinyozi.

Jumamosi, 13 Aprili
Kinyozi ameniita dukani. Huyu bwana hawezi kukusalimu bila mzaha, ila leo alikuwa anakung'uta taulo lisilokuwa na nywele, hanitazami. Akasema mzee siku hizi anasimama ukingoni muda mrefu, kichwa kimeinama, mvua inampiga, anasikiliza wala hana uhakika. Juzi aliweka mguu barabarani akaurudisha. Akaweka tena, akaurudisha tena.

Juzi hiyo mimi nilimpita palepale, nikielekea kazini. Nilimwona amesimama, nikadhani ameniona. Nimeandika "ameniona". Nilidhani amejua ni mimi, nikapita kimya, hata "shikamoo" sikumpa kwa sababu ya haraka. Sasa nashindwa kuacha kuwaza kwamba alihisi upepo tu.

Jioni baba mwenyewe ameleta neno. Hakuniamuru, ameniomba, na baba si mtu wa kuomba. Amesema gari analisikia, pikipiki anaisikia, hata baiskeli ina mnyororo. Barabara nzima anaijua, asiyemjua ni mimi tu. Nirudishe sauti. Nikamwambia avumilie msako uishe, ni majuma machache. Akasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Na mimi, kwa uchovu, kwa kiwiko kinachouma, kwa hasira ya kujua kwamba ana haki, nikamjibu kwamba kama kuvuka kunamshinda, amwite Kinyozi amvushe.

Mimi niliyeapa. Ameinuka akaenda chumbani, chakula kimebaki.

Jumatano, 17 Aprili
Msako umeanza. Lori limejaa skuta, zimelazwa moja juu ya nyingine. Nimepita kando yake kabisa, hakuna aliyegeuza shingo. Nikajipongeza.

Alhamisi, 18 Aprili
Nitaandika yote, kisha sijui.

Umeme ulikatika karakanani mchana. Bila umeme hatuwezi kusaga wala kung'arisha, kwa hiyo bosi akaturuhusu. Mvua ilikuwa imepungua imekuwa ya rasharasha. Nilifurahi. Nilisema nitafika mapema nimpikie baba kitu anachopenda, tupatane, maana tangu Jumamosi tunaongea kwa "ndiyo" na "hapana". Na nilikuwa nimekata shauri njiani: msako au si msako, kesho narudisha ule waya. Namwandikia Mungu hili kama shahidi, ingawa halinisaidii.

Nikashuka kilima. Nikakunja kona ya mwisho, na baba alikuwa anatoka kwa Kinyozi kurudi nyumbani.

Alisimama ukingoni. Akainamisha kichwa huku, akainamisha kule. Barabara ilikuwa tupu, hakuna gari, hakuna pikipiki, matone tu kutoka kwenye bati. Alisikiliza vizuri sana, nimemwona. Alifanya kila kitu sawasawa. Kisha akaingia barabarani kwa mwendo wake ule wa kujiamini, mwendo ambao sijauona tangu mvua zianze.

Nikabana breki, zikafikiri. Nikapiga honi iliyokufa. Kama ningenyamaza angekuwa amevuka. Alikuwa anatembea haraka, angenipisha kwa hatua moja, ningepita nyuma ya mgongo wake na asingejua kamwe. Lakini mimi niliita. "Baba!"

Akasimama. Akageuka akanielekea, katikati ya barabara, na uso ukafunguka kama unavyofunguka mlangoni jioni, kwa kuwa amesikia sauti ya mwanawe.

Nimemgonga nyongani. Nilisikia.

Skuta ilikwenda yenyewe mpaka mtaroni. Nilipomfikia alikuwa chini kwa ubavu, kofia imedondoka, mvua inamwingia machoni wala hapepesi. Nikawa namwita tu. Akanipapasa uso, mkono, magoti, akauliza kama nimeumia. Mimi. Halafu Kinyozi akatoka mbio na shuka la kunyolea watu bado liko begani kwake, na mteja nyuma yake nusu kanyolewa, na kabla sijafumbua mdomo baba akasema kwa sauti kubwa, kwa watu wote, "Nimeteleza. Mvua hii."

Jumamosi, 20 Aprili
Hospitali. Nyonga imevunjika. Daktari anasema atasimama, kwa fimbo, kwa miezi, na mtu pembeni.

Trafiki amekuja, yule yule wa njia panda. Hospitali huwaita kwa kila aliyeokotwa barabarani. Amevua kofia, akakaa kitini, akaniangalia, akaangalia kiwiko changu na tope lililokauka kwenye sketi ambayo sijaibadilisha. Anajua. Nawaapieni anajua. Kisha akamgeukia baba akamuuliza kama kuna chombo kilichomgonga.

"Sikusikia kitu," baba akasema.

Trafiki akauliza tena, kwa upole: gari, pikipiki, chochote?

"Afande, mimi navuka kwa masikio. Kama kingekuwepo ningekisikia. Nimeteleza."

Ameandika. Alikuwa anaandika haraka, kama mtu anayeogopa jibu libadilike. Alipoondoka nikamwambia baba nitamkimbilia nimweleze ukweli. Baba akanishika kifundo cha mkono, na zile nguvu za vidole vyake bado zipo zote. Akasema nikisema, watanichukua, na yeye atabaki vilevile na nyonga iliyovunjika. "Mimi ni fundi," akasema. "Najua kufuli ipi ya kufungua na ipi ya kuacha."

Jumatatu, 22 Aprili
Kazini. Nimechonga nta ya umbo la meno mpaka nikaivunja. Skuta iko barazani, haina hata mkwaruzo.

Jumapili, 28 Aprili
Mdogo wangu amewasili jana. Nilimtarajia na maneno yake, "nilikwambia", nikajiandaa kugombana. Hakusema. Amenikumbatia mlangoni akalia, akanishukuru kwa kumtunza baba miaka yote hii. Sijawahi kumchukia kama nilivyomchukia wakati ule, na hana kosa lolote.

Leo tumekaa kitandani kwa baba, hospitali: mdogo wangu, mimi na Kinyozi. Mdogo wangu akasema wazi na kwa adabu kwamba mzee ameanza kuanguka ovyo. Safari hii barabara ilikuwa tupu. Ingekuwa na gari je? Kinyozi ameinamisha kichwa, akakubali. Akasimulia jinsi mzee alivyokuwa anasita ukingoni siku za karibuni, akiweka mguu na kuurudisha. Umri, akasema, haumbembelezi mtu. Wote wawili wakawa wananitazama kwa huruma.

Hapo ndipo nilipouona uongo wa baba mzima, mwanzo na mwisho wake. Hakusema tu kwamba mimi sikumgonga. Amesema kwamba yeye hawezi tena kuvuka. Kesi yangu ameibeba yeye, na hukumu yake ni ileile aliyoikimbia miaka yote.

Nikasema, "Baba hakuteleza." Sauti ilinitoka kidogo, mdogo wangu akaniuliza nimesema nini.

"Amesema nitapona," baba akajibu. "Nitakwenda kwako, mwalimu. Andaa chumba."

Mdogo wangu akafurahi akambusu mkono. Nilikuwa na nafasi ya kusema mara ya pili, nafasi pana, chumba kilikuwa kimya kabisa. Nikanyamaza.

Ijumaa, 3 Mei
Mvua. Baba ametoka hospitali. Nimemnyoa ndevu.

Jumamosi, 11 Mei
Wameondoka.

Gari la kukodi halikuweza kugeuza upande wetu kwa ajili ya tope, likaegesha ng'ambo, mbele ya duka la Kinyozi. Kwa hiyo ilibidi avuke. Mdogo wangu kamshika mkono huu, Kinyozi kamshika ule, na fimbo. Nilisubiri baba awaulize wao ni nani na wamepotelea wapi. Hakuuliza. Pale ukingoni kichwa chake kikaanza kuinama upande, kwa mazoea, halafu akakiinua, akawaacha wamvushe.

Nilikuwa nyuma yao na mfuko wa zana zake. Alipokaa garini aliupapasa, akautoa ufunguo wa mlango wetu mfukoni, akanipa. Nikamwambia ninao wangu. Akasema, "Najua. Sasa utautumia."

Jumapili, 19 Mei
Nimeongea na baba kwa simu. Anakula vizuri. Ana redio. Mdogo wangu amechukua simu akaenda nayo pembeni, akaniambia huku anacheka kwamba siku ya pili tu mzee aliifungua kufuli ya geti kwa kipande cha waya. Wakamkuta amekaa kwenye kigoda, geti liko wazi, hajatoka. Wakamuuliza mbona hakutoka. Akasema barabara ya huko haijui.

Mdogo wangu anadhani ni kichekesho.

Jumatatu, 20 Mei
Sheria imeeleweka, na kama nilivyoambiwa, ghafla. Trafiki amenisimamisha mwenyewe kunipa habari njema. Skuta za aina yangu, zenye mwendo mdogo na pedali, zimehesabiwa baiskeli. Hazitaki namba, hazitaki leseni, zilikuwa halali tangu mwanzo. Sharti ni taa, breki nzima, na sauti ya tahadhari inayosikika. "Rudishia kile kifaranga chako tu," akasema, "upite kifua mbele."

Nikazima skuta. Nikamwambia, "Afande, mimi ndiye niliyemgonga baba."

Uso wake haukubadilika. Alitazama magari, akatazama buti zake zenye tope. Akasema mzee mwenyewe alisema hakusikia kitu, naye ameandika kama alivyoambiwa, na jalada limefungwa. Nikamwambia hakusikia kwa sababu nilikata sauti, na sauti niliikata kwa sababu yeye alinishauri. Nilitaka anikamate. Nilitaka mtu mmoja katika mji huu anitazame kama nilivyo.

"Nenda, dada," akasema. "Unazuia magari." Akaweka filimbi mdomoni.

Jumatatu, 27 Mei
Mvua zimekwisha. Vumbi limeshaanza kujaribu.

Nimempitia Fundi Waya baada ya kazi. Ameunga ule waya wa bluu, akaufunga kwa utepe mweusi, akaniwekea na honi mpya. Amesema kila mtu anarudisha sasa, angejua asingekata vizuri namna ile. Nimewasha, nikaondoka.

Piu, piu, piu. Watoto wamenikimbiza. Wauza mboga wameshangilia, Mama Kifaranga kafufuka, mmoja akanirushia nyanya nikaidaka. Nimepita njia panda kifua mbele, halali, trafiki amepisha njia bila kunitazama. Nimeshuka kilima polepole, kidude kinalia kuliko siku zote, kinalia mpaka aibu. Kinyozi amekisikia kabla sijafika. Ametoka mlangoni na mkasi, akaangalia nyumba yetu, kisha akarudi ndani.

Nimekunja kona ya mwisho. Nimefika barazani, nimezima. Mlango umefungwa. Nilisimama kidogo, kisha nikatafuta ufunguo.